Trekta Kuukuu na Theluji ya Buffalo: Mjadala wa Watu Watatu

Kusini mwa mji wa Buffalo, jimbo la New York, theluji ina tabia yake. Upepo wa baridi kali ukivuka Ziwa Erie kabla maji hayajaganda, huzoa mvuke wa ziwa na kuushusha nchi kavu ukiwa theluji. Tena huushusha kwa ukanda mwembamba, hata mtaa mmoja ukafukiwa na mtaa wa pili ukaota jua. Novemba 2022, vitongoji vya Hamburg na Orchard Park vilipata takriban mita 2 katika siku chache. Desemba ya mwaka huohuo dhoruba nyingine ikaua watu zaidi ya 40 katika eneo hilo. Buffalo ina wakazi wengi waliotoka Kongo, Burundi na Somalia, na Kiswahili si kigeni huko. Mtu akishaacha kupanga akanunua nyumba yake, yenye njia ya gari ya mita 25 kutoka barabarani hadi gereji, theluji inayoanguka pale ni yake. Hakuna wa kumwondolea.

Wako wanaotumia chepe, na wako wanaonunua mashine mpya ya kurusha theluji, ile ya kusukuma kwa mkono. Wengine humlipa mwenye gari lenye bamba la kusukumia theluji kwa msimu mzima. Na lipo kundi moja, wengi wao wazee wa Kimarekani na sasa baadhi yetu, linaloshikilia matrekta madogo ya bustani yaliyoundwa miaka ya 1950 hadi 1980, yakifungwa bamba mbele na minyororo magurudumuni. Majibizano yafuatayo nimeyapanga mwenyewe kwa sauti tatu: fundi mzee mwenye trekta, kijana anayefanya kazi ghalani, na mama muuguzi. Hoja ni zile zinazobishaniwa kila vuli. Msimamo wangu sitauficha: niko upande wa trekta, kwa masharti ambayo muuguzi atayataja vizuri kuliko mimi.

KIJANA: Shikamoo Mzee. Nakuheshimu, lakini leo acha niseme. Mimi naingia zamu saa kumi na moja alfajiri. Saa tisa na nusu usiku niko nje, giza totoro, baridi inakata masikio. Sina muda wa kubembeleza injini iliyoundwa kabla baba yangu hajazaliwa. Mashine yangu mpya naichomeka kwenye umeme, nabonyeza kitufe, inawaka.

FUNDI: Marahaba mwanangu. Kabla ya kitufe, tupige hesabu. Njia yako ina mita 25 kwa 4, yaani mita za mraba 100. Zikianguka sentimita 30, hizo ni mita za ujazo 30. Theluji mpya ya kawaida ina kilo kama 100 kwa kila mita ya ujazo. Usiku mmoja umeletewa tani tatu mlangoni. Ikiwa ya majimaji, ile ya mwezi wa tatu, zidisha mara mbili au zaidi. Mashine yako inakata upana wa sentimita 60 au 70 kwa mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Bamba langu lina inchi 42, zaidi ya mita nzima, nami nimekaa kitini.

MUUGUZI: Hizo tani ndizo zinazonileta mimi hapa. Kituo kimoja cha utafiti wa majeraha katika hospitali ya watoto ya Nationwide, Columbus, Ohio, kilichambua takwimu za mwaka 1990 hadi 2006. Kwa wastani watu 11,500 kila mwaka nchini Marekani walifika vyumba vya dharura kwa sababu ya kuchota theluji kwa chepe. Katika miaka hiyo 17 walikufa 1,647, wote kwa moyo. Baridi inabana mishipa, mtu ametoka kitandani hajapasha mwili, anainua mzigo na kubana pumzi. Kwa hiyo kwa mtu aliyevuka miaka 50 mwenye shinikizo la damu, mimi nasema mashine, yoyote ile. Ubishi wenu wa mpya na kuukuu nitauingia baadaye.

Hapo chepe limeshatoka uwanjani, angalau kwa njia ndefu. Litabaki la ngazi na la kuzunguka gari. Sasa swali la fundi: kwa nini trekta la umri ule, si trekta jipya la kukatia nyasi linalouzwa leo kwenye maduka makubwa?

FUNDI: Kwa sababu ya watu walioyaunda na waliyokuwa wakiyaunda kabla. Baada ya vita vya pili, Wamarekani wengi walihamia pembezoni mwa miji, kwenye nyumba zenye viwanja vikubwa. Kule South Bend, Indiana, mwaka 1946 Elmer Pond na mwanawe Cecil walianzisha kampuni ya matrekta madogo iliyokuja kujulikana kwa jina la Wheel Horse. Kisha wakaingia wenye matrekta ya shamba. International Harvester ilitoa Cub Cadet ya kwanza mwishoni mwa 1960, kutoka kiwanda cha Louisville, Kentucky, ikitumia sehemu za giaboksi ya Farmall Cub, trekta la shambani kabisa. John Deere ikafuata na modeli ya 110 mwaka 1963, iliyoundwa Horicon, Wisconsin. Hawa hawakujua kuunda kitu chepesi. Walilipunguza trekta la shamba wakalipeleka uani.

KIJANA: Hizo ni habari za kiwandani, Mzee. Theluji haijui nani alianza lini.

FUNDI: Inajua uzito. Modeli ya 110 ni nzito hata kabla hujaifunga chochote. Trekta jipya la bei nafuu lina fremu ya bati lililokunjwa na giaboksi nyepesi iliyokusudiwa kukata nyasi kwenye uwanja tambarare. Ukilifunga bamba na minyororo, msimu wa kwanza unasikia giaboksi inalia. Langu ni Cub Cadet la 1965, injini ya Kohler ya nguvu-farasi 10. Halina mkanda wa kuzungusha magurudumu. Nguvu inatoka kwenye injini, inapita klachi, inashika shafti, inaingia giaboksi yenye gia za chuma ndani ya kasha la chuma. Mkanda ukilowa theluji unateleza. Shafti haitelezi.

Kohler za mfululizo wa K, zilizoundwa katika mji uitwao Kohler huko Wisconsin, nyingi zilikuwa na silinda moja na bloku ya chuma cha kusubu. Silinda ikichakaa, unaichonga ukubwa wa juu kidogo, unaweka pistoni inayolingana, na injini inaanza maisha mengine. Cub Cadet, Wheel Horse na John Deere wote walizifunga, kwa hiyo anayezijua anaweza kuyahudumia matrekta ya nembo tatu hasimu. Jambo hili mimi naliona kubwa kuliko uzito, na nadhani hata fundi halipi nafasi ya kutosha. Mashine hizi zilikusudiwa kufunguliwa na mwenyewe, kwa spana alizonazo. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo pikipiki na mashine ya kusaga hufunguliwa chini ya mwembe, hilo si jambo geni hata kidogo. Geni ni mashine usiyoweza kuifungua.

KIJANA: Na spea? Wheel Horse ilinunuliwa na Toro mwaka 1986. Cub Cadet iliuzwa kwa MTD mwaka 1981. Hiyo Kohler unayoisifu haitengenezwi tena. Nikivunjikiwa gia ya mwaka 1965 saa tisa usiku, nampigia nani?

FUNDI: Gia haivunjiki hovyo. Kinachokufa ni pointi, kondensa, betri, mipira ya mafuta, mkanda, beringi. Beringi ina namba ubavuni, unaisoma na kuinunua kokote, kwa sababu ni za vipimo vya kawaida. Sili za mafuta vivyo hivyo. Mkanda unaupima. Vifaa vya kukarabati kabureta na pistoni za Kohler vinaendelea kutengenezwa na viwanda vingine, kwa sababu injini hizo zilisambaa mno. Sasa nikuulize wewe: ile mashine yako, kibao chake cha umeme kikiungua miaka 15 ijayo, utakisoma namba ipi?

KIJANA: Miaka 15 ijayo nitanunua nyingine.

FUNDI: Ndipo tunapoachana, mwanangu.

MUUGUZI: Mzee wangu, usikimbilie kushinda. Nimeliona trekta lako. Ukisimama ukashuka, injini inaendelea kunguruma, na siku ile kirusha theluji ulichofunga mbele badala ya bamba kiliendelea kuzunguka. Mashine ya huyu kijana ukiachia mpini, parafujo inayokusanya theluji inasimama. Nimewaona watu waliopoteza vidole. Bomba la kurushia limezibwa na theluji mbichi, mtu anaingiza mkono. Wengine walikuwa wamezima injini! Feni inayorusha theluji ilikuwa imekwama huku mkanda umevutika. Mkono ukishaondoa kizuizi, feni inajizungusha kwa kishindo mara moja, na mara moja inatosha.

FUNDI: Hapo sibishi. Zima, subiri isimame, kisha tumia kijiti. Mkono hauingii kamwe, injini iwe hai au imekufa. Na matrekta mengi ya miaka ya 1960 hayana swichi chini ya kiti, ni kweli. Lakini kuiweka ni kazi ya jioni moja. Langu linawaka kwa betri, pointi na koili. Ule waya unaopeleka umeme kwenye koili naukata, napitisha swichi ya kiti katikati. Makalio yakiondoka kitini, koili haipati umeme, injini inazimika.

MUUGUZI: Umeiweka?

FUNDI: Nitaiweka.

MUUGUZI: Kwa hiyo bado. Sawa, nimekuandika. La pili: usilipashe moto gerejini. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na kufungua mlango wa gereji hakutoshi, hasa gereji iliyoungana na nyumba ambamo watoto wamelala. Likishawaka, lisukume au liendeshe nje papo hapo. La tatu: kazi ya bamba ni mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kila unaporudi nyuma lazima ugeuze shingo, na mtoto hapandi mapajani mwa babu hata akilia. Hakuna mkanda wa kumshika, hakuna nguzo ya kuwalinda trekta likipinduka mtaroni.

Hayo ndiyo masharti niliyoyasema. Mtu asiyeyakubali anunue mashine ya kusukuma kwa mkono, naye atakuwa ameamua vyema.

KIJANA: Tuje kwenye mdomo wa njia. Hapo ndipo matrekta yenu yanapoaibika.

Mdomo wa njia unastahili maelezo. Usiku gari la manispaa hupita likisukuma theluji ya barabara nzima na kuilundika pembeni. Ukiamka, kati yako na barabara kuna tuta la goti au kiuno. Si theluji tena: ni mabonge, barafu, chumvi na mchanga vilivyogandamizwa na kushikana. Mtu aliyemaliza mita 24 kwa wepesi hushindwa na hiyo moja ya mwisho.

KIJANA: Mashine yangu ina hatua mbili. Parafujo inatafuna na kukusanya, kisha feni iliyo nyuma yake inarusha mbali. Inaingia kwenye tuta kidogo kidogo. Likipita bonge gumu au jiwe, pini za kukatika zinakatika zenyewe, giaboksi inapona, nabadili pini kwa dakika chache. Virusha theluji vingi vya matrekta ya zamani ni vya hatua moja. Parafujo hiyohiyo inakusanya na kurusha. Theluji ikiwa kama uji, bomba linaziba kila baada ya hatua mbili. Na bamba lenu likigonga tuta lililoganda, trekta linasimama, magurudumu yanazunguka bure.

FUNDI: Yanazunguka bure kwa asiyejiandaa. Bamba ni nusu ya kazi, nusu nyingine iko nyuma. Magurudumu ya nyuma yanataka minyororo, ile yenye vipande vilivyokaribiana. Yanataka vyuma vya uzito, vya kilo 20 na kitu kila upande. Ndani ya matairi wengine hujaza kimiminika kisichoganda. Zamani ilikuwa maji ya chumvi ya kalsiamu, lakini inakula rimu. Siku hizi wengi huweka juisi ya viazisukari au maji ya kuoshea vioo vya gari. Nami nikikaa juu ni uzito pia. Trekta likishika chini hivyo, tuta la goti nalivunja.

KIJANA: Na la kiuno?

FUNDI: La kiuno silisubiri lifike kiunoni. Natoka kila zinapofika sentimita 15. Bamba nimelikunja pembe, naanzia katikati nikisukumia pande zote mbili. Tena mwezi wa kumi na mbili nazipeleka kingo mbali kuliko inavyohitajika, mita nzima ndani ya majani, kwa sababu kingo zikishaganda zinakuwa ukuta, na kufikia Februari njia imebaki nyembamba na hakuna pa kusukumia. Wageni wengi wa theluji hukosea hapo. Wanasafisha upana wa gari, wanarudi ndani.

KIJANA: Mimi sina nafasi ya kutoka kila sentimita 15, Mzee. Nalala ili niende kazini. Novemba 2022 ulitoka mara ngapi? Zilipofika mita mbili, bamba lako lilikuwa wapi?

FUNDI: Lilikuwa chini ya theluji pamoja na mimi. Kwa mita mbili hakuna mashine ya nyumbani, yako wala yangu. Pale zilikuja mashine za manispaa na za jimbo.

Kuhusu mdomo wa njia, hukumu yangu iko kwa kijana. Dhidi ya tuta lililoganda, mashine ya hatua mbili ni bora kuliko bamba, na ni bora mno kuliko kirusha cha hatua moja. Lakini hoja hiyo inahusu mita moja au mbili za kazi nzima. Kwa njia ndefu yenye kokoto bamba linapata nafasi kwa sababu nyingine: kirusha theluji huokota kokoto na kuzifyatua kwenye madirisha, ilhali bamba lililoinuliwa kidogo kwa viatu vyake, vile vyuma vya kutelezea vilivyo chini yake, sentimita mbili hivi, hupita juu ya kokoto kwa usalama. Kwenye lami au zege mambo yanageuka, maana minyororo huchubua.

KIJANA: Nina moja tena, nayo sitaki unijibu kwa mzaha. Moshi. Injini zako ziliundwa kabla serikali ya Marekani haijaweka kanuni zozote za moshi kwa injini ndogo. Kanuni hizo zilianza miaka ya 1990. California imepiga marufuku kuuza injini ndogo mpya za petroli za bustani zilizoundwa kuanzia 2024. Mashine za betri zimefika. Wewe unawasha Kohler ya 1965 mbele ya dirisha la mtoto wangu.

FUNDI: Nalitumia saa chache kwa mwezi, mwanangu. Na chuma chake kilishayeyushwa tangu 1965. Kuunda mashine mpya kila miaka 15 nako kuna moshi wake, ila unafuka katika mji mwingine.

MUUGUZI: Mapafu ya mtoto hayahesabu moshi wa kiwanda cha mbali, Mzee.

Hapa fundi hana jibu kamili, na sitamtafutia. Injini ya namna hiyo hutoa moshi mchafu kuliko mpya kwa kila saa inayofanya kazi. Kinachopunguza uzito wa hoja ni kwamba saa zenyewe ni chache, na kwamba kabureta iliyorekebishwa vizuri na pointi zilizopimwa, pengo la nusu milimita hivi, hufanya injini iunguze petroli yake badala ya kuitapika. Trekta linalofuka moshi mweusi limepuuzwa, na aliyelipuuza asijifiche nyuma ya neno "kuukuu".

KIJANA: Nikitaka la kwangu, siahidi, lakini nikitaka, ninunue nini?

FUNDI: Usinunue nembo, nunua trekta pamoja na zana zake. Bamba la Wheel Horse halikai kwenye Cub Cadet, na fremu ya kulishikilia bamba chini ya trekta ni adimu kuliko trekta lenyewe. Utakuta trekta kwa dola mia chache, kisha ukahangaika miaka miwili kutafuta fremu. Shika gurudumu la mbele ulitikise, usikilize kama linacheza. Vuta kijiti cha oili, utazame kama ina rangi ya maziwa. Maana yake maji yameingia. Uliza lilikuwa linawekwa petroli gani, kwa sababu petroli ya kawaida hapa imechanganywa ethanoli, inavuta maji na kula mipira ya zamani. Ukifika nalo nyumbani badili mipira yote ya petroli na uweke oili nyepesi ya baridi, 5W-30. Ile nzito ya kiangazi ndiyo inayowafanya watu waseme trekta kuukuu haliwaki asubuhi. Na betri ije ndani ya nyumba usiku ule ukisikia baridi kali inakuja.

KIJANA: Nitajuaje kama linawaka likiwa baridi?

FUNDI: Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye silinda kabla hata hamjamaliza kusalimiana. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho alfajiri.

MUUGUZI: Na likishafika kwako, swichi ya kiti kwanza, minyororo baadaye. Na lako pia, Mzee, kabla ya Jumamosi. Nitapita kuangalia.